Mayai Sitini Kwenye Mteremko wa Cyangugu

Kosa lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu Gratien, rais wa ushirika wetu wa baiskeli, ameapa kwamba nikisimulia habari hii halafu niruke hapo, atanivua jaketi la ushirika mbele ya watu. Basi: kosa lilikuwa langu, Alhamisi, saa mbili asubuhi, kwenye kilima kinachopanda kutoka Cyangugu kwenda Kamembe. Nilikuwa juu ya baiskeli, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika mnyororo wa nyuma wa lori.

Sisi tunaobeba watu na mizigo kwa baiskeli tunaitwa banyonzi, na baiskeli yenyewe huku tunaiita kinga. Kushuka Cyangugu ni starehe. Ziwa Kivu liko mbele yako, upepo unakujaza shati, unajiona mkurugenzi. Kupanda ndiko kunakokukumbusha jana ulikula nini. Kwa hiyo lori likikupita polepole na mzigo wake, mkono unanyooka wenyewe, unashika, na lori linakuvuta hadi juu. Sheria inakataza. Gratien anakataza. Mama yangu anakataza. Mapaja yangu peke yake ndiyo yaliyokuwa yanaruhusu, na siku ile ndiyo yaliyoshinda kura.

Lori lilikuwa la Munyemana. Huyo ameshika usukani miaka ishirini na miwili, mzee mwenye kifua na masharubu, anayeosha gari lake mwenyewe kwa sababu haamini mkono wa mtu mwingine. Anapiga honi hata kwa kuku walio ndani ya ua wa watu. Aliniona kwenye kioo. Hakukanyaga breki kwa nguvu, hapana, aliigusa tu, kama unavyomgusa jirani aliyesinzia msikitini. Ilitosha. Kofia yangu ngumu ikagonga taa yake ya nyuma, taa ikapasuka, kofia ikapasuka, na mimi na kinga tukaingia mtaroni, kila mmoja kwa njia yake.

Munyemana akashuka. Akaenda moja kwa moja kwenye taa.

“Taa yangu! Angalia taa yangu!”

“Mzee, na miye?” nikauliza kutoka mtaroni.

“Weye uko na nini? Ngozi yako itaota tena. Taa haiote!”

Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini nilimwambia aimwagilie maji, labda itaota. Watu wa barabarani wakacheka, na nadhani ni kile kicheko kilichotuponza kuliko taa. Kwa maana jioni hiyo hiyo Munyemana alikusanya madereva wenzake, wakaandika barua kwa ofisi ya sekta, serikali ya hapa kwetu: baiskeli zote ziondolewe kwenye barabara ya Kamembe na Cyangugu, kupanda na kushuka, moja kwa moja.

Barua ikafika kwa Madame Mukantwari, katibu mtendaji wa sekta, ambaye kila mtu anamwita gitifu. Huyo mama hapayuki, hacheki ovyo, na miwani yake inakusoma kabla hujafungua mdomo. Alisema ataamua mbele ya watu, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku tisa.

Gratien akatuita wote arobaini na wawili chini ya paa la bati tunapoegesha. Gratien ana miaka hamsini na mbili na hana shamba hata la kupanda kitunguu. Ana kile kilima. Ndicho kinachosomesha binti zake wawili. Sisi wengine ni hivyo hivyo: mpaka wa kwenda Bukavu uko chini, soko liko juu, na katikati tupo sisi. Ukituondoa kwenye kilima, tunabaki na baiskeli za kuzunguka uani.

“Hamdani,” akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, “kama bananyanganya kilima, hakuna mwengine atapita kuambia bamama. Ni weye. Nyumba kwa nyumba. Nyumba makumi ine na mbili.”

Siku zile tisa sikufaa kitu. Nikisema mzaha, watu wanatazama ziwa. Hata mimi mwenyewe sikucheka, na mimi huwa nacheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza.

Jumamosi ikafika. Siku ya umuganda magari na baiskeli vyote vinalala hadi saa tano, na kila mtu anashika kazi ya pamoja. Sekta ilitupangia mtaro wa kilima: madereva upande mmoja, banyonzi upande mwingine. Sijui kama gitifu alifanya makusudi. Tukafyeka, tukazoa matope, tukarushiana maneno.

“Hamdani!” dereva mmoja akaita. “Pale ndipo ulilala? Tukuwekee mto?”

“Wekeni blanketi,” nikajibu. “Hiki kitanda ni cha Mzee Munyemana, yeye ndiye alinitandikia.”

Munyemana akageuza mgongo. Alikuwa analima majani kama mtu anayelima jina langu.

Kazi ilipokwisha tukakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya sekta, majembe yamelala pembeni. Munyemana akasimama wa kwanza. Alikuja na ile taa, imefungwa ndani ya taulo kama mtoto wa siku saba, akaifunua polepole watu waone majeraha. Na lazima niseme ukweli, alizungumza vizuri. Alisema baiskeli zinajishikiza nyuma ya malori. Alisema zinatoka pembeni na kuingia katikati bila kuonya. Alisema siku moja hatavunja taa, atavunja mtu, na ndoto hiyo inamwamsha.

“Miye si adui wa banyonzi,” akamaliza. “Lakini kinga na gari havikae barabara moja kwenye kilima kama hiki. Haiwezekani. Miaka makumi mbili na mbili nasema: haiwezekani.”

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata wa kwetu wawili walitikisa, nikawaona.

Nikasimama. Nilisema nilishika lori, ni kweli, na sikupaswa, na taa nitamtafutia nyingine. Nikasema lakini mtaro ule sikuufungua mimi. Kila siku magari yanatubana mpaka tunaingia humo bila kushika kitu chochote. Tunaingia katikati kwa sababu pembeni kuna shimo. Yote hayo ni kweli, lakini yalitoka kama maneno ya mwanafunzi aliyechelewa. Gitifu akaandika kitu kifupi. Kifupi mno.

Ndipo Maman Uwimbabazi akainuka. Huyo anauza mayai. Anayakusanya Gitambi, anayafikisha Kamembe, na banyonzi wanamteremshia hadi mpakani, trei kwa trei, kila siku ya soko. Ni mama mfupi, sauti yake ndefu.

“Miye nauliza kitu kimoja,” akasema. “Mayai yangu itashuka na nani?”

“Miye nitakubebea, maman!” Munyemana akadakia, mkono kifuani. “Ndani ya gari. Kwa heshima!”

“Papa Munyemana, mwaka jana ulinibebea. Trei makumi mbili. Nilifika mpakani na omeleti.”

Mkutano ulianguka. Watu walicheka hadi jembe moja likateleza lenyewe. Munyemana akawa mwekundu kiasi ambacho ngozi yetu inaruhusu.

“Barabara ilikuwa mbaya!”

“Si ile ile banyonzi banapita?”

“Miye najua kuendesha! Naweza kushusha mayai yako hata bila kufunga, isipasuke hata moja! Hata sasa!”

Kuna wakati akili inakuja polepole, na kuna wakati inakuja kwenye kinga bila breki. Nikarukia pale pale.

“Madame gitifu! Mzee amesema hata sasa. Mupeni mayai makumi tatu, na miye munipe makumi tatu. Tushuke wote. Hapa tunapiga kelele tu, mayai haidanganye muntu.”

Watu wakapiga makofi. Gitifu Mukantwari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Huyo mama angeweza kukataa. Nadhani alikuwa amechoka na barua.

“Sawa,” akasema. “Trei wazi, bila kifuniko. Ya lori inakaa kwenye kiti, hakuna mkono juu yake. Baiskeli inatangulia, lori linafuata, hadi maegesho ya mpakani. Mimi nitakaa ndani ya lori na Maman Uwimbabazi. Atakayepasua mayai, chama chake kitafagia mtaro huu mwezi mzima. Na nitajua barua hii niipeleke wapi.”

Gratien akanivuta pembeni. “Na kama yote inafika?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimwambia nimelifikiria.

Saa tano barabara ikafunguliwa. Nikapanga trei yangu tunavyopanga siku zote: ngata ya majani chini, trei juu, halafu vipande vya mpira wa tyubu kuukuu vya kuzungushia, si vya kukaza bali vya kushikilia, ili mzigo ucheze kidogo na njia. Mayai yakikazwa sana yanapasuka kwa hasira. Nikavaa kofia mpya niliyoazimwa, namba yangu kumi na saba mgongoni, nikasema Bismillahi.

Banyonzi wengine walikuwa wameshatangulia kwa miguu, wakikokota kinga zao, na kujipanga kando ya barabara, pamoja na akina mama wa soko na kila mtu ambaye Jumamosi haikuwa na kazi naye. Nyuma yangu lori likanguruma. Yaliyotokea ndani ya lori nimeyapata kwa Maman Uwimbabazi, na yeye haongezi chumvi. Anauza mayai tu, chumvi mteja anajiletea.

Munyemana aliondoka kama kawaida yake, yaani kama mtu aliyesahau pasi ya moto nyumbani. Trei ikaruka kwenye kiti. Yai moja likasimama wima, likafikiri, likakaa chini tena. Maman Uwimbabazi akasema “Eee!” Gitifu aliandika. Kuanzia hapo mguu wa Munyemana ukawa mguu wa daktari.

Mimi mbele sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba mgongo wangu haukuwa na joto. Munyonzi yeyote anajua lile joto: injini inayokupumulia shingoni, inayokuambia toka, toka, toka. Miaka mitatu nashuka na joto hilo. Leo nilisikia lori liko mbali, linanguruma taratibu, na katikati yetu kuna barabara tupu. Nilitaka kugeuka kuhakikisha kama bado yupo.

Tukafika kwenye lile shimo la upande wa kulia, ambalo lingemeza mbuzi. Huwa nina njia mbili pale: kuingia shimoni, au kuingia katikati na kumwachia Mungu lori. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Nikaingia katikati. Nikasubiri honi. Ikawa kimya. Nikalipita shimo, nikarudi pembeni, na bado ikawa kimya. Nilishtuka sana na ule ukimya, nusura uniangushe.

“Yapo?” Gratien akapiga kelele kutoka kando ya njia.

“Yote!” nikajibu, ingawa sikuwa na macho kisogoni.

Kisha ikaja kona kubwa, ile ambayo ziwa linajitokeza lote na visiwa vyake. Nyuma ya lori nikasikia honi, si ya Munyemana, nyembamba na yenye haraka. Ilikuwa basi dogo la Bahizire, limejaa watu wa mpakani waliokaa tangu asubuhi wakingoja umuganda uishe. Bahizire alikuwa na deni la nusu siku na alitaka kulilipa kwenye kona ile. Honi, honi, honi. Kisha akatoka kushoto apite.

Chini, kutoka mpakani, pikipiki ilikuwa inapanda. Nikaona hesabu yote kwa mara moja. Bahizire akikutana na pikipiki atarudi kulia, na kulia, katikati ya lori na kona, kulikuwa na mimi na mayai thelathini. Nikautazama mtaro. Tulikuwa tumeusafisha vizuri asubuhi ile. Angalau ningeanguka mahali safi.

Lakini lori likasogea kushoto. Likasogea polepole, zito, likamzibia Bahizire njia kama mlango unaofungwa, likibakiza upenyo wa pikipiki. Basi la Bahizire likabaki nyuma, pikipiki ikapita upande wake, ikapiga honi ya shukrani. Halafu dirisha la lori likamtoa Munyemana, mkono kwanza, kichwa, masharubu, mpaka kiunoni, na sauti yake ikashuka kilima chote mpaka ziwani:

“Bahizire! Hauone kinga iko mbele? Unataka kuua muntu? Ngoja kinga ipite!”

Naapa hata injini zilinyamaza. Watu kandokando walisimama vinywa wazi. Akina mama wa soko wakaanza wao kwanza, kicheko kikapanda kona kama moto wa majani, halafu banyonzi wakaanza kupiga kengele za mikononi walizochomoa kwenye baiskeli, na mimi nikateremka katikati ya kelele hizo nimeinua kidevu kama bwana harusi.

Ndani ya lori, Munyemana akarudi kitini. Gitifu akamuuliza, taratibu:

“Papa Munyemana, umesema nini?”

“Nasema angoje, Madame.”

“Angoje nini?”

Munyemana akashika usukani kwa mikono miwili.

“Angoje… kinga ipite.”

“Asante,” akasema gitifu, akaandika, na safari hii, anasema Maman Uwimbabazi, aliandika kirefu.

Tulifika maegesho ya mpakani, mimi mbele, lori nyuma, Bahizire nyuma yetu kama mtu wa tatu kwenye mazishi. Maman Uwimbabazi akahesabu yai moja moja, akiligeuza, akilisikiliza, akiliinua kwenye jua. Yangu thelathini. Mazima. Akaenda kwenye lori. Thelathini. Mazima.

Munyemana akaruka chini, mikono juu. “Nimeshinda! Nilisema! Hata moja!” Madereva wakambeba. Banyonzi nao wakanibeba mimi, kwa sababu na sisi tulikuwa hatujapasua. Watu wawili juu ya mabega, kila mmoja ameshinda, tukatazamana angani, na taratibu moyo wangu ukaanza kushuka. Yote yamefika. Gratien aliuliza. Kama mayai yake yamefika, basi lori halina kosa, basi barua yake inaweza kupita. Nikaanza kuhesabu nyumba arobaini na mbili.

Gitifu Mukantwari akapanda kwenye ngazi ya lori.

“Papa Munyemana. Umeshuka kwa dakika ngapi?”

“Kumi na nne, Madame!” kwa fahari, bado yuko mabegani.

“Kawaida?”

“Kumi.”

“Na leo baiskeli imekugonga?”

“Hapana.”

“Wewe umeigonga?”

“Miye? Mbele yangu kulikuwa nafasi ya magari mawili!”

“Na iliingia katikati penye shimo. Ulifanya nini?”

“Aliinua mukono. Nilimwacha apite. Kwani miye siko muntu?”

Gitifu akafunua karatasi. Ilikuwa ile barua. “Hapa umeandika kwamba baiskeli na gari haviwezi kukaa barabara moja kwenye kilima hiki. Mimi nimekaa kiti cha mbele, nimeona dereva akiviweka pamoja kutoka juu hadi chini, na akimfundisha mwenzake. Dereva huyo ni wewe. Kwa hiyo barua hii umeijibu mwenyewe. Siondoi watu arobaini na wawili barabarani kwa sababu ya dakika nne.”

Akasema yaliyobaki kwa ufupi, kama kawaida yake. Kilima kinabaki na baiskeli. Hakuna gari kupita baiskeli kwenye kona. Nafasi iachwe kama ilivyoachwa leo. Shimo la kulia litazibwa umuganda unaofuata, madereva na banyonzi pamoja. Na munyonzi atakayeshika lori, jaketi yake italala ofisini kwa gitifu mwezi mzima. Hapo akaniangalia mimi. Watu wote wakaniangalia mimi. Nikamwangalia Gratien, kana kwamba ni yeye.

Sikumbuki nani alipiga kelele wa kwanza. Nakumbuka Gratien, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, anacheza katikati ya maegesho na trei tupu kichwani. Nakumbuka askari wa mpakani akiuliza kama kuna timu imeshinda. Nakumbuka Maman Uwimbabazi akiwatangazia wateja kutoka Bukavu kwamba haya si mayai ya kawaida, haya yameshinda kesi, na wakayamaliza mara moja.

Na nakumbuka Munyemana. Nilidhani atanuna. Nilimkuta amemshika Bahizire begani, amechora barabara chini kwa kijiti.

“Sikiliza, mudogo wangu. Kinga iko hapa. Weye unabaki hapa. Unaacha nafasi ya magari mawili. Hii ni akili ya zamani, haiko kwenye vitabu.”

“Nani alikufundisha, Mzee?” nikamuuliza.

Akanitazama kutoka juu ya masharubu. “Miaka makumi mbili na mbili, kijana. Makumi mbili na mbili.”

Sikumbishia. Kuna ushindi mwingine unauacha mtu auvae, mradi tu atembee nao barabarani.

Gitifu alipaswa kurudi ofisini Kamembe. Munyemana akamfungulia mlango wa lori. Bahizire akafukuza abiria wa kiti cha mbele. Pikipiki tatu zikawasha injini. Yeye akakunja barua, akaitia mkobani, akaja moja kwa moja kwenye kinga namba kumi na saba, akakaa upandeupande juu ya kiti cha nyuma cha abiria, mkoba mapajani.

“Kijana, penye mwinuko mkali nitashuka nitembee kama abiria wote. Penye nafuu unapiga pedali. Na mikono yote miwili mbele, niione.”

“Ndiyo, Madame.”

Wallahi yule mama ni mzito kwa sheria zake tu, ukiacha yeye mwenyewe. Mita mia mbili za kwanza niliona nyota mchana. Lakini nyuma yangu walinifuata arobaini na mmoja, wamepanga mstari mmoja upande wa kulia, kengele zimerudi mahali pake na zote zinalia. Na nyuma yao, nafasi ya magari mawili kamili, lori la Munyemana likipanda polepole, limewasha taa zote lilizobaki nazo, na kila gari lililojaribu kutupita kwenye kona lilikuta mkono wake nje ya dirisha.